Warusi wa hadithi fupi: wasome wawili wawili

Mtu akiniuliza aanzie wapi na fasihi ya Kirusi, simpi riwaya ya kurasa 800. Nampa Sergei Dovlatov, na pembeni yake Raymond Carver wa Marekani. Hadithi moja ya huyu, moja ya yule, usiku uleule ikiwezekana.

Kinachowaunganisha ni Anton Chekhov, bingwa wa Kirusi wa hadithi fupi. Carver alimpenda mno hata mojawapo ya hadithi zake za mwisho, ya mwaka 1987, ikawa juu ya kifo cha Chekhov kule Badenweiler, Ujerumani, mwaka 1904. Dovlatov naye aliandika kwamba vigogo wengine utawastaajabia, ila Chekhov ndiye pekee unayetamani kufanana naye. Wote wawili wanatumia sentensi fupi, na wahusika wao ni walevi, wenye madeni na wanandoa waliochokana.

Sasa wasikilize kwa pamoja. Kwa Carver watu wamekaa mezani jikoni na la maana halisemwi. Kwa Dovlatov hanyamazi mtu! Wanabishana, wanadanganyana, wanakopana hela, nawe umeshacheka ndipo unaona jeraha. Mimi huyo wa pili ndiye ananipata zaidi.

Anza na Chemodan (yaani “Sanduku”), kitabu chake cha 1986. Alihama Urusi ya Kisovieti mwaka 1978 na sanduku moja tu, na kila nguo iliyomo ina kisa chake. Kuna soksi za Kifini ambazo yeye na wenzake walizinunua kwa magendo wauze kwa faida. Mara maduka ya serikali yakajaa soksi zilezile kwa bei ya kutupa. Biashara ikafa, soksi zikabaki kwao.

Varlam Shalamov msome na Tadeusz Borowski wa Poland, lakini polepole. Shalamov alifungwa Kolyma, kwenye kambi za kazi za Wasovieti, Borowski alifungwa Auschwitz, kambi ya Wanazi, na hakuna kati yao anayekubali kwamba mateso humkomaza mtu. Soma hadithi moja, funga kitabu, nenda kapike. Ukizisoma mfululizo moyo unakufa ganzi.

Lyudmila Petrushevskaya sijampatia mwenza. Wengine humlinganisha na Edgar Allan Poe kwa sababu ya mizuka, nami sikubaliani nao. Mkusanyiko wake wa kwanza wa hadithi ulitoka 1988, akiwa na miaka kama 50. Msome kwa sauti: ni umbea wa foleni, mwanamke anamsema mwenzake bila huruma. Huyo anayesimulia, usimwamini haraka.