Mashati ya marehemu baba: niyakate au niyaache?

SWALI: Shikamoo Bibi. Baba yangu alifariki mwaka jana, akaacha mashati 9. Mama ameniomba niyageuze kuwa mfarishi, lile blanketi la viraka, kwa kuwa mimi ndiye mwenye cherehani. Tuko watoto wanne. Nimeshayatandaza kitandani mara tatu, mkasi mkononi, na mara zote tatu nimeyakunja nikayarudisha. Naogopa kuyaharibu. Na hata nisipoyaharibu, mfarishi mmoja ataulalia nani?
Kifungua mimba

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Kabla hujakata chochote, toa shati moja, lile alilolivaa mara nyingi. Hilo usilifue wala usilikate. Lifunge kwenye mfuko, uliweke kabatini. Mengine yote itabidi yafuliwe, na sabuni haichagui cha kuondoa. Mimi hakuna aliyeniambia. Nguo za marehemu mume wangu nilizifua zote siku moja, nikajiona mchapakazi kweli. Jioni nikawa nanusa kola moja baada ya nyingine, zote zinanukia sabuni.

Yamebaki 8. Sasa, mfarishi mmoja au minne? Minne, mwanangu, tena ya ukubwa mmoja. Hili nimelipata kwa mtoto wangu wa tatu. Wa kwanza nilimshonea mfarishi wa kitanda kizima, viraka 140. Wa pili vivyo hivyo. Kufika wa tatu pumzi zilishaniishia, nikamshonea kadogo ka kufunika miguu. Leo ni mtu mzima na bado anauita "ule wa magoti". Huwa anacheka akisema hivyo, lakini hakuna mwaka anaoacha kusema.

Hesabu yake ni hii. Kata viraka vya mraba, inchi 6 na nusu kila upande. Ukivishona kwa mshono wa robo inchi, kila kimoja kinabaki inchi 6 kamili. Viraka 8 kwa 10 vinatoa inchi 48 kwa 60, ukubwa wa kumfunika mtu mzima kwenye kochi. Hapo kila mfarishi unataka viraka 80. Shati la mtu mzima hutoa kama 15: vingi mgongoni, kisha mikononi, kisha vipande vya mbele. Kola na viwiko vilivyochakaa usivihesabu. Mashati 8 ni viraka 120. Kila mtoto apate 25 vya baba, na 55 vilivyobaki viwe vya pamba ya rangi moja, tulivu, ili mistari na miraba ya mashati ionekane. Unabaki na 20 vya akiba. Usishangae vikiisha, mkono utateleza tu mahali.

Hiyo robo inchi usiipuuze. Nilipoanza niliona kosa la milimita 1 si kitu. Lakini mshono unakula kitambaa pande mbili, kwa hiyo ni milimita 2. Safu ya viraka 10 ina mishono 9. Umeshapoteza milimita 18. Safu ya jirani, uliyoishona asubuhi macho yakiwa mazima, haijapoteza kitu. Ukizivuta zilingane, mfarishi mzima unajikunja kwa upande mmoja. Dawa yake ni kubandika kipande cha utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa uufuate huo. Na pasi iinue na kuishusha. Ukiisukuma huku na huku, viraka vinavutika na vipimo vyote vinaharibika.

Mashati ya zamani yameshasinyaa yote yaliyotaka kusinyaa. Pamba mpya bado, kwa hiyo ifue kwanza, hasa kama ina rangi kali. Ule wa kifungua mimba wangu ulikuwa mweupe na mwekundu mpaka siku ya kufuliwa. Ulitoka wa waridi wote. Yeye alisema umependeza zaidi. Alikuwa na miaka 6, sikumwamini.

Kuhusu hofu ya mkasi: kule Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Missouri Pettway alishona mfarishi mwaka 1942 kwa nguo za kazi za mumewe aliyefariki, ili ajifunike nazo. Miongo mingi baadaye, mwaka 2002, makumbusho ya sanaa ya Houston yalifanya maonyesho makubwa ya mifarishi ya wanawake wa kijiji hicho, mingi ikiwa ya suruali na mashati ya kazini. Kwenye baadhi yake kitambaa kimepauka, halafu katikati unaona kipande cheusi cha umbo la mfuko, pale ulipobanduliwa. Hakuna aliyejisumbua kuficha alama ile.

Wewe mifuko usiibandue yote. Kila mfarishi uwe na kiraka kimoja chenye mfuko wa kifuani. Wa mjukuu wangu una doa la wino kwenye kona ya chini, kalamu ya babu yake ilivuja humo. Humo ndimo anamoweka kipande chake cha penseli, na kwa wiki nzima aliweka jino lililong'oka.

SWALI: Bibi, nilimshonea binti yangu mfarishi kwa miezi 7. Juzi nimemtembelea, nimeukuta sakafuni, mbwa kaulalia. Nimsemeje?
Mama mwenye hasira

JIBU: Mama, usimseme. Ulipompa ulikuwa wako, sasa ni wake na mbwa wake. Mimi nilikuwa na mifarishi miwili iliyofungiwa kabatini na wenyewe "isije ikaharibika", na niliumia zaidi kwa hiyo kuliko kwa ule uliochanika. Muulize tu anaufuaje. Maji yasiwe ya moto, usikamuliwe kwa kusokotwa, na usianikwe kwa pembe moja: pamba iliyolowa ina uzito na mishono inakatika. Alaze kwenye kamba mbili.

Na kama hukuandika jina na mwaka nyuma, nenda na sindano ukaandike. Mimi wa nne sikumbuki niliushona lini.

SWALI: Kila nikishona tabaka zote tatu pamoja, kitambaa cha chini kinajikunja. Nakosea wapi?
Fundi mwanafunzi

JIBU: Kwenye bandi, ile mishono mirefu ya muda ya kushikilia tabaka kabla ya kushona. Kitambaa cha chini kikate kikubwa kuliko uso wa viraka, inchi 4 za ziada kila upande. Kitandaze sakafuni upande mbaya ukiangalia juu, ukibandike kwa utepe kingo zote. Kinyooke, lakini usikivute kama ngoma. Juu yake weka pamba ya kujazia, kisha uso. Halafu piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Ukianza pembeni, kila kunyanzi kinakimbilia katikati na hakina pa kutokea. Cherehani nayo ianze katikati. Magoti yatauma, tafuta mto.