Khatibu yuko mimbari nami ndo naingia: niswali ama nikae?

SUALI: Asalaam aleikum ustadh. Mimi kwangu ni Kisauni na kazi ni huku mjini Mombasa, Ijumaa ilopita foleni ya daraja la Nyali ikanichelewesha nikaingia msikiti mmoja khatibu ashaanza, nikafunga rakaa mbili za tahiyyatul masjid, ile sunna ya kuamkia msikiti, kama nilivyofunzwa chuoni. Hata Fatiha sijamaliza, mzee alokuwa kando yangu akanivuta kanzu, "kaa! kaa! imamu anahutubu!" Nikaikata swala nikakaa, lakini mpaka leo moyo haujatulia. Nani alokuwa na haki?

JIBU: Waaleikumu salaam ndugu yangu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndo ya wengi hapa pwani, wewe ulikuwa sawa, na madhehebu ya Hanbali wako na sisi. Dalili ni kisa cha Sulayk al-Ghatafani alopokea sahaba Jabir, Sulayk aliingia Mtume (s.a.w.) yuwahutubu akakaa, Mtume akamwambia ainuke aswali rakaa mbili nyepesi, kisha akawaambia watu wote kwamba atakayekuja imamu anahutubu naye aswali mbili na azifupishe. Imo katika kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim.

Lakini yule mzee pia hakuyazua. Madhehebu mengine mawili, Hanafi na Maliki, wasema ukiingia khatibu yuko juu kaa usikilize, na wao wana hoja: kuna mtu alikuja akikiuka mabega ya watu, Mtume akamwambia "kaa, umewaudhi," hakumwambia swali. Na kisa cha Sulayk wakakifasiri kwamba alikuwa fakiri, Mtume alitaka watu waione hali yake wamsaidie. Mimi binafsi naona yale maneno ya mwisho, ya "atakayekuja," yaondoa hiyo fasiri kwa sababu hayakusemwa kwa Sulayk peke yake, ila heshima ya wale maimamu iko palepale. Na mjini hapa tuna Wahanafi, hasa katika ndugu zetu wenye asili ya Kihindi, kwa hivyo mtu akikaa bila kuswali usimwone mjinga.

Sasa pale alipokosea mzee wetu, Allah amhifadhi, ni kuvuta kanzu na kusema. Katika misikiti yetu mingi ya zamani, kabla khatibu hajapanda, muadhini husimama na ile fimbo mkononi akaisoma hadithi ya Abu Hurayra, kwamba ukimwambia mwenzako "nyamaza" siku ya Ijumaa na imamu anahutubu ushafanya upuuzi. Twaisikia kila wiki! Kama neno "nyamaza" lenyewe, ambalo ni kuamrisha mema, lahesabiwa upuuzi, je "kaa! kaa!" kwa mtu alo ndani ya swala? Wengi katika wanachuoni wameruhusu ishara ya mkono kumnyamazisha anayeongea, Wamaliki hata hiyo hawataki. Kama kuna la kusomeshana lingojee salamu itoke, mkae nje kwa utaratibu.

Wewe nawe shika haya: rakaa ni mbili tu na ziwe za haraka, si mahali pa kusoma sura ndefu. Alokuwa ashakaa haruhusiwi kuinuka aanze sunna khatibu akishaketi mimbarini. Na ukikuta khutba yaisha, waona ukiswali takbira ya kwanza itakupita, Mashafii wasema simama tu ungojee ikama, ule mwito wa kuanza swala. Ile ulioikata huna cha kulipa, ilikuwa sunna.

Na simu jamani. Mtume alisema mwenye kugusa changarawe amefanya upuuzi, maana msikiti wa Madina ulikuwa na changarawe chini na mtu huzichezea akili ikaenda kwingine, sasa huyu anayejibu WhatsApp safu ya pili ana tofauti gani? Na wasimamizi wa misikiti nawaomba kwa dhati, kile kisanduku cha sadaka kipitisheni wakati wa mawaidha ya Kiswahili ama baada ya swala, si kwenye khutba, kila mtu aanza kujipekua mifuko na kuomba chenji.

SUALI: Ustadh, sisi wanawake wa ghorofa ya juu spika yetu yakatakata, khutba haisikiki, basi wengine waanza soga na kusalimiana. Yafaa? (Dada wa Majengo)

JIBU: Soga hapana, dada yangu. Hanafi, Maliki na Hanbali wanaona kuzungumza wakati wa khutba ni haramu, kwa Shafii kauli yenye nguvu ni makuruhu, yaani jambo lenye kuchukiza lisilofika haramu, na makuruhu si ruhusa ya kupiga hadithi. Asosikia, kwa Mashafii na Mahanbali, asome Qur'ani ama adhkari kwa sauti ya chini isiyomkera jirani, Hanafi na Maliki wao wataka kimya tu. Salamu ni hivi: anayeingia asitoe, lakini akitoa, wanachuoni wetu wa Kishafii wengi wasema ijibuni, kwa Hanafi na Maliki haijibiwi. Khatibu anapoketi baina ya khutba mbili, kwa Shafii neno la haja laweza kusemwa, kama kumwambia mtoto akae. Na ile spika mwambieni mume ama kaka yeyote alo kwenye kamati, Jumamosi, si mungoje Ijumaa nyingine.