Msuli mkakamavu si msuli unaokaza

SWALI: Mwalimu, mimi ni mfiziotherapia. Tunaandaa fomu ya ridhaa ya wagonjwa wa kiharusi na nimeandika: "Utapimwa msisimko wa uti wa mgongo kutokana na ukakamavu wa misuli." Mwenzangu anadai sentensi hii ina kasoro. Ni ipi?
(Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na kasoro kubwa ni ukakamavu. Neno hilo limetokana na kakamaa, lakini lilishashika njia yake: kijana mkakamavu ni hodari, asiyetetereka. Mgonjwa asiyeweza kukunja mguu atasoma kwamba misuli yake ni imara, ashangae amefuata nini hospitali.

Hata "misuli imekakamaa" ningeiepuka. Hapo -me- inaeleza hali iliyokwisha kutulia, kama ngozi iliyoanikwa ikakauka. Mnalolipima halijatulia. Kwa fasili ya hali hii (kwa Kiingereza spasticity) aliyoitoa daktari wa neva James Lance mwaka 1980, ambayo bado inatumika sana, ukinzani wa msuli huongezeka kadiri kasi ya kuunyoosha inavyoongezeka. Ukiuvuta polepole, huenda usikatae. Basi tumia hu- pamoja na sharti lake: "misuli hukaza inaponyooshwa haraka". Jina liwe kukaza kwa misuli. Mkazo tuachieni sisi watu wa silabi.

Msisimko nao ni jambo ambalo tayari linatokea: mtu husisimka kwa ngoma, mwili husisimka kwa baridi. Ninyi mnauliza refleksi, yaani jibu la msuli lisilosubiri hiari ya mtu, huamka kwa urahisi gani, kwa hiyo andikeni wepesi wa refleksi kuchocheka. Kipimo alichokieleza mwanafiziolojia Paul Hoffmann mwaka 1910 kinauliza hilohilo. Neva iliyo nyuma ya goti hupitishiwa umeme mdogo, ishara ikapanda hadi uti wa mgongo na kurudi kwenye shavu la mguu kwa takriban milisekunde 30. Jibu kubwa kabisa la refleksi hulinganishwa na jibu kubwa kabisa la msuli ukiamshwa na neva yake moja kwa moja.

"Uti wa mgongo" si kosa, ila wengi wakiambiwa watapimwa uti wa mgongo huwaza sindano ya kuchukua maji mgongoni. Ningeandika hivi:

"Misuli ya mguu wako hukaza inaponyooshwa haraka. Tutapima refleksi, yaani msuli kujibu wenyewe bila wewe kutaka, tuone huchocheka kwa wepesi gani. Tutabandika elektrodi juu ya ngozi na kupitisha umeme mdogo nyuma ya goti, utausikia. Hutachomwa sindano mgongoni."