Kushusha gari kwa springi fupi: shokapu za zamani zibaki au zing'oke?

Mkuu, nimekuelewa hivi: umenunua springi za kushusha gari milimita 40, shokapu ni zile zile za kiwandani zenye kilomita 130,000, hazivuji, na fundi wako anasema ufunge springi tu kwa sababu "hizo bado nzima". Mimi nakushauri usizifunge bado. Ziache kwenye boksi mpaka upate shokapu za kuendana nazo, halafu kazi yote ifanyike siku moja. Ingekuwa milimita 20 na shokapu zenye kilomita 30,000 ningekujibu tofauti kabisa, kwa hiyo naomba uvumilie maelezo.

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi ikishabanwa na kuachiwa, isiendelee kunesa, na inafanya hivyo kwa kulazimisha mafuta yapite kwenye vitundu vya valvu mpaka ile nguvu iishe kwa kuwa joto. Springi fupi za kushushia karibu zote ni ngumu kuliko za kiwandani, na lazima ziwe hivyo kwa sababu gari limebakiwa na nafasi ndogo ya kushuka kabla ya kugonga kikomo. Sasa springi ikiwa ngumu zaidi inarudi kwa nguvu zaidi. Kihesabu, ugumu wa springi ukiongezeka kwa asilimia 30, shokapu inatakiwa iongeze ukinzani kwa takriban asilimia 14 ndipo gari litulie kama lilivyokuwa likitulia mwanzo. Shokapu changa inalibeba pengo hilo bila shida kubwa. Ya kilomita 130,000 imeshapoteza sehemu ya ukinzani wake kabla hujaigusa, na imeupoteza polepole kiasi kwamba anayeendesha gari hilo kila siku hawezi kuhisi.

Hilo la "haivuji" lisikupe moyo sana. Valvu za ndani huchoka, mafuta huchakaa na gesi hupungua bila tone kuonekana nje. Hata kile kipimo cha kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuangalia linanesa mara ngapi kinakamata shokapu iliyokufa kabisa tu. Mikono yetu haifikii kasi ambayo gurudumu linapanda na kushuka barabarani. Angalia tairi badala yake. Pitisha kiganja kwenye mzunguko wa tairi: ukikuta limeliwa kwa mabaka, hapa bonde hapa kilima, mara nyingi gurudumu limekuwa likidunda na shokapu haikulizuia.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaligusi ni nafasi ya fimbo, ule mwanzi wa chuma unaoingia na kutoka kwenye shokapu. Gari ninaloendesha sasa nililinunua likiwa limeshashushwa na mwenye nalo wa kwanza, springi fupi juu ya shokapu za kiwandani, hivyo hivyo unavyotaka kufanya. Kwenye lami nyoofu lilikuwa tamu. Lakini kwenye maungio ya daraja nyuma palipiga kishindo kikavu, kisha bodi ikaendelea kunesa baada ya ungio kupita. Nikafunga kamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kwenye fimbo ya shokapu ya nyuma, nikaikaza kiasi cha kusogea tu inaposukumwa. Kabla sijatoka, gari likiwa tupu limesimama, kati ya kichwa cha shokapu na raba ya kikomo, ile inayopokea kishindo shokapu ikifika mwisho, palipita kidole kimoja tu. Niliporudi kamba ilikuwa imesukumwa juu mpaka imejibana kwenye raba. Nilipoishusha ile shokapu, raba yenyewe ilikuwa imepondeka, ukiibana kwa vidole inamomonyoka unga wa njano.

Maana yake ni kwamba gari lile kwenye kila bonde lilikuwa linakalia raba. Springi ilikuwa nzuri, lakini shokapu ndefu ya kiwandani ilikuwa inafanya kazi ikiwa imeshazama karibu na mwisho wake. Ukishusha gari milimita 40, fimbo ya stati ya mbele (shokapu iliyovikwa springi) nayo inazama karibu milimita 40 hizo hizo kabla hujapita hata tuta moja. Shokapu fupi ina kiwiliwili kifupi, kwa hiyo fimbo inapata tena nafasi ya kupanda na kushuka. Kuna na upande wa pili: ukipiga jeki, gurudumu likining'inia kwenye shokapu ndefu, springi fupi inaweza kulegea na kucheza kwenye kikalio chake. Hiyo ni hatari. Ikitoka kwenye kikalio wakati gurudumu linapaa, haina hakika ya kurudi mahali pake. Springi inatakiwa ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia.

Ndiyo maana nimesema milimita 20 ni habari nyingine. Kushusha hadi 30 hivi, shokapu zikiwa changa, na mtengenezaji wa springi akiwa ameandika kwamba zinaendana na shokapu za kiwandani, funga uendelee na maisha. Soma tu karatasi yake vizuri, wengine wanataka raba ya kikomo ikatwe kwa kipimo maalumu.

Sababu nyingine ya kufanya kazi yote siku moja ni jasho la fundi. Kama mbele una stati, springi imevaa juu ya shokapu, na huwezi kubadilisha springi bila kuishusha stati nzima na kuifungua. Ukibadilisha shokapu baadaye unailipa kazi ile ile mara ya pili, na alaimenti (kunyoosha magurudumu) mara ya pili. Nyuma, kama springi na shokapu zimekaa mbalimbali, unaweza kusubiri kidogo, mradi zote mbili za ekseli moja zibadilishwe pamoja.

Kuhusu mchangiaji aliyesema ukate mzunguko mmoja wa springi za zamani: usithubutu. Ikikatwa kwa moto, chuma kinapoteza ugumu wake kwenye mkato. Hata ikikatwa kwa msumeno, ncha hailali tena kwenye kikalio, na urefu wa shokapu unabaki ule ule.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Springi ibanwe kwa kibanio kizima pande zote mbili kabla ya kugusa nati ya juu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaua. Nati ya juu isikazwe kwa spana ya upepo, kwa sababu fimbo inazunguka na kuumiza sili ya shokapu mpya, ile raba inayozuia mafuta yasivuje. Wala mtu asiishike fimbo kwa plaizi: mkwaruzo mmoja kwenye ile kromu unakula sili kila inapopita. Weka maunti mpya (vile vishikizo vya juu vya shokapu) na raba mpya za kikomo wakati huo huo. Na hili nalisisitiza kwa sababu linarukwa karibu kila gereji: bolti za bushi za lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, zikazwe mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, raba ya bushi inabaki imejisokota muda wote na inachanika mapema.

Gari liendeshwe siku kadhaa springi zikalie, ndipo ulipeleke alaimenti. Urekebishe na taa za mbele, hasa kama umeshusha mbele na nyuma kwa kiasi tofauti. Ukishapata namba ya shokapu unazotaka kununua, iweke hapa pamoja na aina ya springi, tuangalie kama urefu wake unaendana kabla hujalipia.