Maswali ya Wasomaji: Kudumu Kwenye Mbio za Magari ya Saluni

Mimi ni fundi magari hapa Cologne. Kila nikienda kwenye uwanja wa mbio wa Nürburgring nawaona madereva wa ridhaa wenye mvi wakishindana na BMW za zamani. Wamedumuje miaka yote hiyo, na mimi nianzie wapi?
— Msomaji, Ujerumani

Wengi wao wamekulia kwenye mashindano yaliyoanza mwaka 1977 kwa jina la VLN, ambayo siku hizi huitwa NLS. Mbio nyingi ni za saa nne, na madereva wawili au watatu hupokezana gari moja, hivyo kiingilio, tairi na petroli hulipwa kwa kuchangiana. Halafu madaraja ni mengi. Mwenye BMW 325i iliyo karibu na hali ya kiwandani hashindani na Porsche inayompita. Anashindana na wa daraja lake. Ushauri wetu ni huo: chagua daraja dogo na ukae humo. Nguvu za injini ndizo zinazokula tairi, breki na giaboksi, na gharama hiyo huwaondoa watu mapema kuliko uzee.

Usinunue gari mwaka wa kwanza. Kodi kiti kwenye timu, lakini kabla ya kusaini soma kipengele cha ajali: nani analipa bodi ikibondeka, na nani analipa injini ikifa. Mbali na leseni ya mbio utahitaji kibali maalumu cha Nordschleife, ile njia ndefu ya Nürburgring. Kibali hicho huanzia ngazi B, ya magari ya polepole, kabla ya A.

Na ijue njia. Nordschleife ina kilomita 20.8, na kona nyingi huwezi kuona zinakoishia. Dereva Sabine Schmitz, aliyekulia kwenye hoteli ya wazazi wake kijijini Nürburg, alishinda mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na 1997 kwa BMW M3 pamoja na Johannes Scheid, akawa mwanamke wa kwanza kuzishinda. Mwaka 1998 akatwaa ubingwa wa VLN. Ile njia alikuwa nayo kichwani, na hilo halinunuliwi dukani.

Nakimbiza Honda Civic pale Dubai Autodrome. Baada ya mizunguko michache pedali ya breki inazama hadi chini. Fundi kabadilisha pedi, lakini hali ni ileile.
— Msomaji, Dubai

Pedi hazina kosa. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halipungui mwendo, hapo pedi zimezidiwa na joto. Pedali ikilainika na kuzama, mafuta ya breki yamechemka: mvuke unabanika, mafuta hayabaniki, kwa hiyo mguu wako unabana mvuke.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 155. Nunua ya mashindano inayovumilia zaidi ya 300, chupa zilizofungwa. Lita moja inatosha kusafisha mfumo mzima. Toa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki), ila kama kitabu cha gari kinataka mpangilio mwingine, kifuate. Endelea mpaka mafuta yatoke safi bila kapovu hata kamoja, na usiache kikopo cha juu kikauke, maana utaingiza upepo upya na kurudia kazi yote. Chupa iliyobaki nusu usiiweke kwa ajili ya mbio zijazo. DOT 5 ya silikoni usiiguse kabisa.

Kisha pima pedi. Zikibaki nusu ya unene wake, zitoe: pedi nyembamba hupitisha joto moja kwa moja kwenye pistoni za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na mafuta mapya yatachemka tena. Diski yenye ufa uliofika ukingoni ni ya kutupa. Ukimaliza mbio, zungusha mzunguko mmoja polepole bila kubana breki, na ukiegesha usivute hendibreki; weka kabari kwenye tairi.

Ukiwa humo, kaza nati za magurudumu tena kwa spana ya kipimo baada ya mbio za kwanza. Joto huzilegeza.

Nimepewa mikanda ya mbio iliyotumika. Lebo ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, imeisha muda miaka mitatu iliyopita, ila nyuzi ni safi. Naweza kuifunga?
— Msomaji, Mombasa

Hapana. Jua na jasho hudhoofisha nyuzi kabla jicho halijaona chochote, na mkanda uliowahi kubeba mtu kwenye ajali umeshanyooka. Ajali ya pili hautanyooka tena inavyotakiwa. Mipya ina uhai wa takriban miaka mitano, na tarehe imechapwa kwenye lebo.

Hata mipya ikifungwa vibaya ni hatari. Ya mabegani itelemke kidogo tu kuelekea nyuma. Ikitelemka zaidi ya nyuzi 45, gari likigonga itakandamiza uti wa mgongo. Kama unajenga kizimba cha mabomba cha kumkinga dereva gari likipinduka, kanuni za FIA zinataka tao kuu, lile la nyuma ya dereva, liwe bomba lisilo na mshono lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2. Kila mguu wa tao la kizimba cha kufunga kwa bolti uwe na bolti tatu za M8 (kipenyo cha milimita 8) au zaidi, na bamba la chuma la kuimarisha lenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la angalau sentimita 120 za mraba. Bomba la maji lenye mshono halifai hata likiwa nene, kwani hupasuka kwenye mshono huohuo.