Uso wa Bibi Andrews unasema nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha ya Bwana na Bibi Andrews, iliyochorwa na Thomas Gainsborough yapata mwaka 1750, mume amesimama kwa madaha, bunduki kwapani na mbwa miguuni, ilhali mkewe ameketi wima akitutazama kama mtu aliyeudhika. Je, mchoraji alikusudia kutuonyesha ndoa isiyo na raha? Na mbona mapajani mwa Bibi hapajamaliziwa kuchorwa?

JIBU: Ningekushauri uuweke uso kando kwanza, uanze na vitu, kwa kuwa vitu katika picha za namna hii viliwekwa kwa makusudi. Bunduki ile si pambo: sheria ya Uingereza ya mwaka 1671 iliwanyima haki ya kuwinda karibu watu wote wasio na ardhi yenye pato la pauni 100 kwa mwaka, hivyo anayejionyesha nayo anatangaza cheo chake. Upande wote wa kulia ni mashamba ya familia karibu na Sudbury, Suffolk. Miganda ya ngano, ambayo tangu zamani huashiria uzazi, inawafaa wawili waliooana mwaka 1748, na mabua yaliyosalia yamenyooka mistari kama yaliyopandwa kwa mashine, jambo lililokuwa geni kwa wakulima wengi wa siku hizo. Mvunaji, hata hivyo, haonekani hata mmoja, na kwangu mimi kutokuwapo kwake kunaeleza tabia ya wenye picha kuliko macho ya Bibi.

Kuhusu macho hayo, nakuomba uwe na tahadhari. Gainsborough alikuwa kijana wa miaka 23 hivi, na watu aliowachora wakati huo wana nyuso nyembamba, midomo midogo na miili iliyokakamaa kama wanasesere. Isitoshe, vazi la kubana kiuno halikumruhusu mwanamke kuketi kwa kujilegeza. Huenda Bibi Andrews alichukia kweli, lakini picha haitoshi kuthibitisha hilo.

Pale mapajani, wapo wanaodhani angewekwa ndege aliyewindwa na mumewe, wengine husema ni kitabu, na wengine mtoto ambaye alikuwa bado hajazaliwa. Ndege angeoana vizuri na bunduki na mbwa, ila sioni nani angekubali mzoga uchorwe juu ya gauni zuri la buluu kama lile. Naegemea upande wa mtoto.