Tahiti: tutakula nini, na wapi bila kumaliza hela?

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaenda Tahiti na Moorea, vile visiwa vya Ufaransa kule bahari ya Pasifiki, mwezi wa saba, tiketi tayari, ila tukiangalia menyu za hotelini tunapata kizunguzungu. Halafu sisi ni Waislamu, nguruwe hatugusi, na tumeambiwa kule ndo nyama ya sherehe. Na hao samaki wabichi wanaosifiwa ni salama kweli? – Mama Wawili

JIBU: Mama Wawili, hongereni sana. Hoteli laleni, lakini chakula cha jioni kifuateni nje, maana pale Papeete, mji mkuu, ikianza kuingia giza uwanja wa Vai'ete, karibu kabisa na bandari, unajaa magari ya chakula ambayo wenyewe wanayaita roulottes, watu wanakaa kwenye stuli, familia nzima na watoto, na sahani moja inashibisha watu wawili msio na njaa kali. Kadirieni kama faranga 1,500 mpaka 2,500 kwa sahani. Hela yao ni faranga ya CFP na thamani yake imefungwa kwenye ile ya euro, faranga 1,000 ni kama euro 8.38, kwahiyo hesabu haiwasumbui. Mchana tafuteni vijigahawa vinavyoitwa "snack", vipo kila kona mpaka Moorea, na asubuhi mkate mrefu wa Kifaransa ni bei rahisi kila duka.

Sasa samaki mbichi. Hapo mama usiogope, tena mkiondoka bila kula mtakuwa mmepoteza. Ni jodari aliyekatwa vipande vidogo, anamwagiwa maji ya ndimu, dakika chache tu utaona pembeni anageuka mweupe huku katikati bado ana wekundu wake, ndimu inapunguzwa, vinaingia tango, nyanya, kitunguu na chumvi, halafu tui bichi lililokamuliwa sasa hivi linamiminwa juu, unakula na wali. Mimi nasema agizeni pale mnapoona anatengenezwa mbele yenu, yule aliyekaa kwenye bakuli tangu asubuhi muacheni.

Wa kuwa naye makini ni samaki wa kwenye miamba ya matumbawe, awe mbichi au wa kuchoma. Kuna sumu inaitwa ciguatera, inatoka kwenye vijimea vidogo sana vya kwenye matumbawe, samaki wadogo wanakula, wakubwa wanawala wadogo, sumu inazidi kujaa. Haina harufu wala ladha, na moto hauiui, wala friza. Mtu anaharisha, midomo inamchonyota, akishika kitu cha baridi anahisi kama kinamuunguza. Kwahiyo samaki wa matumbawe mliyevua wenyewe au mliyeuziwa na mtu msiyemjua msile kabla ya kuuliza wenyeji, wao wanajua ghuba ipi ina shida. Jodari na mahi mahi ni wa bahari kuu, kwa hilo hawana tatizo.

Nguruwe kweli yupo kila mahali. Kwenye ahima'a, yaani tanuri la shimoni, mawe yanachomwa mpaka yaive, nyama, magimbi, ndizi na shelisheli vinapangwa pamoja, vinafunikwa majani na udongo kwa masaa, kwahiyo hata ukikwepa nyama yale magimbi yamekaa shimo moja nayo. Hapo bora mpite. Na chao men, tambi walizoacha Wachina walioanza kuletwa 1865 kulima pamba kule Atimaono, Tahiti, mara nyingi ina nguruwe ndani, semeni mapema "sans porc", yaani bila nguruwe. Nyama iliyoandikwa halali msitegemee kuipata, shikeni samaki. Shelisheli la kuchomwa lipo, ganda linaungua jeusi tii, likimenywa ndani laini na linanukia moshi, tamu mno na tui.

Jumapili amkeni alfajiri muende soko la Papeete, watu wanafika kabla jua halijatoka kununua chakula cha familia, ombeni firifiri, andazi la tui lenye umbo la namba 8, mle na kahawa. Mkichelewa mtakuta vingi vimeisha, na mchana maduka mengi yanafungwa.

SWALI: Mi nauliza fupi tu, bia, maji na bakshishi vikoje huko? – Msafiri

JIBU: Bia ya kwao ni Hinano, inatengenezwa Tahiti tangu 1955, ila kwenye yale magari ya Vai'ete pombe haiuzwi, kanywee baa. Maji ya bomba Papeete yananyweka, ukitoka nje ya mji uliza kwanza au nunua ya chupa. Bakshishi sio desturi yao, hakuna anayekusubiria. Na ukifika Moorea kunywa juisi ya mananasi ya pale pale, mashamba yapo juu kwenye bonde la Opunohu na unaweza kupita ukayaona.